Mzee wa Reli anajibu: kwelea kwelea, mbwigu na treni ya umeme

Mwezi uliopita niligusia tu, kwa mistari mitatu, habari ya kanga niliowagonga alfajiri moja kati ya Mkata na Kimamba, siku ambayo behewa moja la mahindi lilikuwa likivuja njia nzima. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua na ujumbe wa simu vimekuja vingi kuliko nilivyopata nilipoandika juu ya nauli. Basi safari hii ukurasa mzima ni wa ndege na reli.

Niseme mapema kwamba sikusomea ndege. Nimeendesha treni miaka 29, mara nyingi ya mizigo, na ndani ya mkoba wangu wa kazi, pamoja na tochi na chupa ya chai, palikuwa na kauntabuku. Wenzangu walidhani naandika masaa ya ziada. Nilikuwa naandika ndege: nani, wapi, saa ngapi, anafanya nini. Sasa nimestaafu, nina shamba dogo linalopakana na njia ya zamani, na kauntabuku zimefika saba.

*Shikamoo mzee. Nalima mpunga ekari mbili na nusu karibu na reli mpya, huku Kilosa. Tangu treni ya umeme ianze kupita, kwelea kwelea wamezidi. Jirani yangu anasema wameletwa na reli. Wanangu wanasema nisihangaike kuamia, honi ya treni itawafukuza. Nani mkweli?*
*Mama wa mpunga, Kilosa*

Marahaba, mama. Wanao wamekosea kabisa, jirani amekosea nusu.

Nianze na honi. Mwaka mmoja, mtama ukiwa umekomaa, nilikuta karibu na Gulwe kwelea kwelea wamelifunika shamba lililo hatua thelathini hivi kutoka kwenye tuta. Nikapiga honi ndefu, ile ya kuamsha wafu. Wakanyanyuka wote kwa pamoja kama moshi wa tanuri la mkaa, wakageuka mara moja hewani, na nilipochungulia nyuma walikuwa wameshatua, behewa la mwisho bado halijalipita shamba. Wiki iliyofuata, mahali palepale, hawakunyanyuka hata. Ndege huzoea upesi kitu kinachopita njia ileile kila siku bila kumfuata yeye. Mtoto mwenye kombeo juu ya dungu humwogopa, kwa sababu hajui jiwe litaangukia wapi.

Sasa jirani. Kwelea kwelea hafuati reli, anafuata mvua na mbegu. Nyasi za porini zikiwa na mbegu za kutosha, mpunga wako hana haja nao sana. Mbegu hizo zikiisha, au mvua ikiziotesha zote, ndipo anageukia uwele, mtama, ngano na mpunga. Mwaka mmoja linakuja kundi dogo, mwaka mwingine unasikia upepo kumbe ni mbawa. Wazee wa Dodoma walikuwa wakiamia mtama kabla Mjerumani hajaweka taruma la kwanza.

Nusu aliyopatia jirani ni hii: tuta la reli linahitaji udongo, na udongo huo unachimbwa mahali. Mashimo yanabaki, mvua inayajaza, na baada ya misimu miwili mitatu yana matete yanayompita mtu kimo. Kwelea kwelea anapenda sana kulala kwenye matete yenye maji chini. Kwa hiyo fanya hivi. Saa kumi na mbili jioni simama juu ya kitu kilichoinuka utazame makundi yanakoelekea. Siku mbili tu zinatosha kujua wanalala wapi. Kama ni kwenye shimo la reli, mwambie afisa ugani, umwonyeshe na mahali penyewe, kwa sababu ndege ya kunyunyizia dawa inakwenda kwenye malazi yao, haifuati kila shamba. Lakini nikuambie na ubaya wake: dawa inayotumika, fenthion, haichagui. Bundi na mwewe wanaokula kwelea kwelea walio taabani nao wanaanguka, na watoto wasiwaokote kwa kitoweo.

Palilia mapema, hasa yale magugu yanayofanana na mpunga, maana mbegu zake ndizo zinazomkaribisha mgeni. Panda pamoja na majirani, ili anayechelewa asibaki peke yake kulisha kundi zima. Na nguvu za kuamia usizitapanye kutwa. Kwelea kwelea wanakula sana asubuhi baada ya jua kuchomoza na tena alasiri kuelekea jioni, mchana jua likiwa kali wanapumzika kivulini. Ndege mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Si kitu, kama kijiko kimoja. Ila wakiwa milioni moja ni tani 10, yaani magunia 100 ya kilo mia mia, kwa siku moja. Kwa hiyo wanao wapande dungu, treni waiachie abiria wake.

*Mzee, ulisema uligonga kanga. Je, kanga aliyegongwa na treni mtu anaruhusiwa kumchukua akale?*
*Mpenda supu, Mpwapwa*

Hapana. Kanga wa porini ni nyara ya serikali hata akiwa amekufa, na eneo la reli si mahali pa kutembeatembea, hasa hii mpya ambayo huisikii inapokuja. Siku ile ninayoisimulia, msaidizi wangu alishuka tulipofika stesheni akakuta kwenye buti ya mbele manyoya na kichwa kimoja cha bluu. Hata yeye, na alikuwa mtu wa kupenda nyama kwelikweli, hakuomba kitu.

*Shikamoo mzee wetu. Nasoma kilimo hapa Morogoro. Katika mjadala darasani tuligawanyika: wengine walisema reli inaua ndege wa mashambani, wengine wakasema inawahifadhi. Wewe uliyekaa kwenye kichwa cha treni unasemaje?*
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Hilo ndilo swali nililolisubiri, nipe nafasi.

Kosa la mjadala wenu ni kumtazama treni. Treni anapita dakika moja, anaondoka. Mtazame aliye kando ya njia saa zote zilizobaki. Kule Kimamba, mkonge ulipokuwa mkonge kweli, mashamba yalikuwa yamenyooka kama sare za jeshi, hakuna kichaka wala jani lisilotakiwa. Mahali pekee palipobaki nyasi ndefu, mikwaju michanga na miiba ilikuwa ni ile ukanda mwembamba wa reli. Humo ndimo alimokaa mbwigu, yule mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu na mdomo wa ndoano.

Nilimtazama mmoja siku tuliyosimamishwa saa mbili kupisha treni ya abiria. Alikaa juu ya nguzo ya simu ya zamani, nyaya zenyewe zilikuwa zimeshaibiwa. Akashuka kwenye kokoto, akanyakua panzi mkubwa wa kijani, akaruka naye hadi mstari wa kwanza wa mkonge. Akamweka kwenye ncha ya jani, mahali pale penye mwiba mweusi, akamvuta kwa kichwa mara mbili tatu mpaka mwiba ukatokea upande wa pili. Kisha akamwacha. Nikashuka kwenda kutazama: kwenye jani la jirani palikuwa na mjusi mdogo aliyekauka, na kwenye la tatu miguu ya panzi peke yake. Ghala la mbwigu. Nguzo ni ya reli, panzi ni wa nyasi za reli, mwiba ni wa shamba. Ukifyeka ule ukanda mpaka udongo, mbwigu anabaki na mwiba mtupu.

Wala si kwetu tu. Poland, ambako mashamba ni mapana, kuna mbwigu wa mgongo wa kahawia-nyekundu anayejenga kwenye vichaka vya kando ya reli. Ndege huyohuyo huja Afrika baridi ikikaribia kule, na anaporudi kwao, Machi na Aprili, anapita hapa Tanzania kwa wingi. Nimemwandika mara nyingi kwenye kauntabuku nikiwa sijui kwamba amezaliwa kwenye reli ya watu wengine.

Kuna na keremkerem. Mahali reli inapokata kilima, ukuta wa udongo unabaki wima, na keremkerem wenye paji jeupe wanachimba mashimo yao humo kwa safu, kama madirisha ya ghorofa. Mkulima anayefuga nyuki karibu hatanishukuru kwa kumsifu, lakini ndege huyo hula na nyigu pia. Na yangeyange: watu wa njia wakianza kufyeka nyasi, hawachukui nusu saa wamefika, wanatembea nyuma ya mapanga kama wanavyotembea nyuma ya ng'ombe.

Sasa upande wa kuua, maana upo. Hispania walifunga kamera mbele ya treni za kasi kati ya Madrid na Albacete, njia ya kilomita 321.7 inayopita sana kwenye mashamba. Matokeo yalitoka mwaka 2017, baada ya safari 66. Kwenye kipande chenye treni 53 kwa siku walikadiria vifo vya ndege 60.5 kwa kila kilomita kwa mwaka, na kwenye kipande chenye treni 25 wakakadiria 26.1. Lakini kilichonikamata mimi ni jambo jingine: walipima ndege anashtuka treni ikiwa mbali kiasi gani. Ndege wadogo walingoja mpaka imebaki mita 60 hivi, ndege wa kuwinda mita 136.

Chukua kalamu, mwanangu, tupige hesabu niliyoipiga mimi usiku mzima. Treni yangu ya dizeli, ikienda kilomita 50 kwa saa, inakwenda mita 14 kwa sekunde. Ndege aliyengoja mita 60 ana sekunde nne na ushei. Anaweza kunya kwanza ndipo aruke. Treni ya umeme ikienda kilomita 160 kwa saa inakwenda mita 44 kwa sekunde. Ndege yuleyule, umbali uleule, ana sekunde moja na kidogo. Miguu inanyanyuka, mbawa zinafunguka, basi. Macho yake hayakuumbwa kukadiria kitu cha namna hiyo. Na wale Wahispania waliona kuwa zaidi ya theluthi moja ya ndege waliokatiza njia walikuwa wametua kwenye nguzo, nyaya au uzio wenyewe muda mfupi kabla. Yaani kiti kinachomvuta ndicho kinachomweka hatarini.

Hukohuko Hispania wamekuta ndege wanaotaga mashimoni wakiingia kwenye nguzo za chuma zilizo wazi juu, wakidhani ni shimo la mti. Ndani ni laini, hawezi kupanda kutoka. Anakufa humo na hakuna anayejua. Dawa yake ni kifuniko tu. Na wewe utakayekuwa bwana shamba, kumbuka hilo ukimshauri mtu kujenga uzio wa mabomba: yafunike juu.

Uholanzi nako walipima kelele. Ndege wanaotaga chini kwenye malisho wanapungua karibu na reli, na kupungua kunaanza sauti inapofika kati ya desibeli 42 na 49, ambayo si kelele ya kuziba masikio, ni kama watu wanaoongea taratibu chumba cha pili. Anayeimba kutafuta mke hasikiki. Mbwigu anawinda kwa macho, kwa hiyo kelele haimzuii kumpata panzi.

Kwa hiyo darasani kwako kila upande ulikuwa na ndege wake. Aliyesema reli inahifadhi alikuwa anamwona mbwigu, keremkerem, tombo kwenye nyasi zilizozuiwa ng'ombe kwa uzio. Aliyesema inaua alikuwa anamwona bundi, kozi na kirukanjia. Huyo wa mwisho ananiuma. Usiku anakaa katikati ya njia, kwenye kokoto zenye joto la mchana, na mwanga wa taa ukimpiga unaona makaa mawili mekundu chini. Dizeli alikuwa anaiwahi. Mara nyingi, si zote.

Ungeniuliza nibadilishe kitu kimoja tu, ningebadilisha tarehe ya kufyeka. Kandokando za njia zisifyekwe wala kuchomwa wakati ndege wana makinda, mvua ikiwa bado. Zingoje nyasi zikauke. Na isifyekwe pande zote mbili mwezi mmoja. Nilimwambia mnyapara mmoja hivyo, akanijibu kuwa yeye ana bajeti, hana ndege.

*Mzee, huku kwetu wazee wanasema kunguru na wale shomoro wa mijini walikuja bara kwa gari moshi. Ni utani?*
*Msomaji wa Voi, Kenya*

Ni utani wenye ukweli ndani, ndugu yangu. Shomoro wa nyumbani si wa huku. Pwani ya Kenya alianzia Mombasa, kisha akapanda bara mji kwa mji kwa kufuata reli na barabara. Afrika Kusini alifanya vivyo hivyo kutoka Durban. Haimlazimu kukata tikiti: anahitaji paa la kujenga kiota na nafaka iliyomwagika, na stesheni ya zamani inampa vyote viwili, ghala upande huu na jukwaa upande ule. Umbali kutoka stesheni moja hadi nyingine kwake ni safari fupi.

Kunguru mweusi wa shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ale takataka. Akala takataka, kisha akala mayai na makinda ya kila ndege mwingine, na vifaranga vya kuku. Bara ameshafika Morogoro na Dodoma. Huyo anafuata mabaki ya chakula. Zamani abiria wetu walikuwa wanatupa dirishani maganda ya mayai, mifupa, mkate, na kwenye stesheni fulani kunguru walijua ratiba kuliko stesheni masta. Treni ikichelewa, nao wanachelewa. Kwenye hili naisifu treni mpya, madirisha yake hayafunguki.

*Shikamoo babu. Mimi nipo darasa la sita, Dodoma. Kwa nini mbayuwayu wanakaa juu ya waya wa treni ya umeme na hawafi? Na je, umewahi kusimamisha treni kwa ajili ya ndege?*

Marahaba mjukuu wangu. Waya ule una volti 25,000, na wewe usiusogelee hata kwa fimbo. Mbayuwayu haumii kwa sababu miguu yote miwili iko kwenye waya mmoja. Umeme unataka njia ya kwenda ardhini, na kupitia kwake hakuna njia. Ndege mkubwa ndiye anayepata taabu. Bundi akitua kwenye chuma cha nguzo, ambacho kimeungana na ardhi, akafungua bawa likagusa waya, amekuwa daraja. Anakufa papo hapo na umeme unaweza kukatika. Utakumbuka mwaka 2024, safari zikiwa changa, treni ilipokwama upande wa Kilosa na taarifa ikawataja ngedere na bundi. Watu walicheka sana mitandaoni, wengine wakaleta habari za uchawi. Mimi sikucheka, nilikuwa namjua yule bundi. Kila nguzo mpya mahali pasipo na miti mirefu kwake ni mti.

Kusimamisha treni, hapana. Treni ya mizigo iliyojaa ukiipiga breki inahitaji mamia ya mita, wakati mwingine kilomita nzima, na ndege hakungojei. Ila nimewahi kumpita mmoja juu yake.

Kwenye stesheni moja ndogo ya njia ya kati, kwenye ile njia ya pembeni tunayosubiria kupishana, ndege wa miguu mirefu myekundu, mwenye duara jeupe kichwani kama kofia, alitaga mayai matatu kati ya mataruma. Mayai yenyewe yana madoa, huwezi kuyatenga na kokoto mpaka uchuchumae. Mtu wa njia aliyeyaona aliweka jiwe lililopakwa chokaa pande mbili ili wenzake wasikanyage. Treni ikiingia, yule mama hakuondoka. Aliinamisha kichwa, magurudumu yakapita kushoto na kulia kwake, mabehewa 22, na nilipotazama nyuma alikuwa ameinua shingo anatengeneza manyoya. Nilimpita hivyo mara tatu kwa zaidi ya wiki tatu.

Mara ya nne hakuwepo. Nikamuuliza stesheni masta, akanijibu bila kuinua macho kwenye daftari lake: "Kaondoka jana na watoto wawili, kaelekea shamba la karanga." Nikaenda kutazama. Yale mawe ya chokaa yalikuwa bado pale, na kati yake yai la tatu, la baridi.